Kwa Lodio Esekon, Aliyetutafsiria Nyambizi Dirishani

Mwaka umezunguka sasa, Baba, tangu tulipokulaza Kinna upande wa juu wa mfereji, mahali ulipopachagua mwenyewe kwa sababu, ulisema, maji hayapafiki. Mtu ameshinda maisha yake yote na hadithi za watu walio chini ya bahari, halafu anaogopa kaburi lenye unyevu. Tulikucheka siku ile ulipotuonyesha, na wewe ukacheka mpaka ukatafuta pa kukaa.

Tunaandika haya mezani kwako. Mama anasema, Joy ameshika kalamu, na Akolong anasahihisha hata mambo ambayo hakuyaona. Tulitaka iwe fupi, mistari sita na picha. Lakini wiki iliyopita Mama, Nakuam wako, alituambia jambo alilokuwa amelinyamazia mwaka mzima, na akataka liandikwe hapa, mbele ya watu, kwa sababu siku lilipofanyika watu walikuwa wamejaa chumbani na hakuna hata mmoja aliyeliona.

Wasiokujua wajue kwanza. Ulikuwa fundi wa redio na televisheni pale Wabera, mjini Isiolo, kwa miaka thelathini na minne. Redio za akina mama wazee ulizitengeneza kwanza, kabla ya televisheni ya mkubwa yeyote, kwa sababu hao, ulisema, wanangoja matangazo ya vifo na si vizuri wapitwe. Na kila televisheni uliyoifufua uliijaribu kwa kanda zako zile zile tatu za video, za mchezo mmoja wa nyambizi. Mteja anakuja kuchukua mali yake, anakuta ndani kuna wazungu wenye ndevu wanatokwa jasho kwenye chombo cha chuma, vitani, chini ya maji. Ukimwambia angoje kidogo, sehemu hii ni nzuri, anangoja. Wengine walikosa gari la kurudi Garbatulla kwa ajili yako.

Ugonjwa huo wa nyambizi ulikuanza ukiwa kijana wa miaka kumi na tisa, mfagiaji wa ukumbi wa mji. Ukumbi ulikuwa na televisheni moja, ya picha nyeusi na nyeupe, na kila Alhamisi jioni ilionyesha ule mchezo. Wenye kazi za ofisi walikaa ndani kwenye viti. Waliobaki walisimama nje, dirishani. Wewe ulipanda ukakaa juu ya kizingiti cha dirisha, mguu mmoja ndani, mmoja nje, ukawatafsiria wa nje yale ya ndani. Mama alikuwa mmoja wao, amepitia na mtungi wake wa maji kutoka kwenye bomba. Anasema alikuona mgongo wiki tatu kabla ya kukuona uso.

Kiingereza chako wakati huo kilikuwa namba mpaka ishirini na "yes sir". Kwa hiyo ulitunga. Ulimpa nahodha mke mkali, ukampa mpishi deni la mbuzi, na watu wakafuata wiki baada ya wiki bila kuchoka. Na katika tafsiri yako hakuna mtu aliyekufa. Mtu akipotea kwenye picha, ulisema amekwenda likizo. Pale dirishani walisimama wanawake waliokuwa wamezika ndugu na waume, wengine mwaka huo huo, na wewe hukuona sababu ya kuwaongezea. Ndani, kwenye kiti cha tatu, alikaa Mwalimu Kaburu, kijana wakati huo, Mmeru aliyejua Kiingereza chote. Alikusikia ukidanganya kila Alhamisi na hakufungua mdomo.

Sisi watoto wako tulikulia humo. Ulikuwa ukigonga kijiko kwenye kikombe cha bati, ting, kama zamani dirishani, na nyumba nzima inajua manowari ya adui iko juu inasikiliza. Tunavua viatu, tunalala sakafuni, hatupumui kwa sauti. Sisi ambao maji mengi kuliko yote tuliyowahi kuona ni ya mto Ewaso ukiwa umefurika, tulijua bahari kwa kunyamaza.

Joy alipofika kidato cha pili alizitazama zile kanda tatu peke yake, akakujia dukani amekasirika. "Baba, yule fundi wa injini hakutoka. Amekufa. Wamemfungia mlango." Ukaendelea kuchomelea waya wako. "Kiingereza chenu cha siku hizi kimeharibika," ukamwambia. "Alitoka kwa dirisha la nyuma." Hukuwahi kuibadilisha hadithi hiyo, na Joy hakukusamehe mpaka alipopata watoto wake mwenyewe.

Kisha ukaja ule mwaka wa mitambo ya kidijitali, watu wakatupa televisheni zenye mgongo, wakanunua zile bapa. Ulikaa dukani miezi minane ukiangalia mlango. Mzee Waqo, Mborana wako, aliyesimama na wewe dirishani tangu ujana, akakwambia njoo Kinna, maji ya mfereji yapo, tulime vitunguu, televisheni tumeshaziona. Ukaenda na Mama. Ukalima, na ulilima vizuri, lakini kifua kilikuwa kimeshaharibika. Daktari alisema ni moshi wa kuchomelea na sigara zako zile za zamani. Ukaletewa mashine ya oksijeni ya kutumia stima, na mtungi mmoja wa kungojea siku stima ikipotea.

Anisa, binti ya Mzee Waqo, ni muuguzi wa zahanati ya hapo. Yeye ndiye aliyemfundisha Mama ule mtungi. Juu una saa yenye mshale, inaonyesha hewa iliyobaki. Pembeni una kioo chembamba, ndani yake gololi ndogo inayopanda kadiri hewa inavyotoka kwa wingi, na koki ya kuipandisha na kuishusha. "Gololi ikae kwenye mbili," Anisa alimwambia. "Usipandishe, usishushe. Hata akilia, Mama, usiiguse." Mama hakusoma sana, lakini neno la mtu aliyesomea kazi yake hulishika.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nne. Saa mbili na nusu asubuhi stima ikapotea. Upepo ulikuwa umeangusha nguzo, na hakuna aliyejua itarudi lini. Mama akakufunga kwenye mtungi, akatazama mshale, ukawa katikati, kwa maana wiki hiyo stima ilikuwa imetusumbua mara mbili. Joy, aliyekuwa amekuja kuwaona, akapiga hesabu kama Anisa alivyoifundisha: gololi ikiwa kwenye mbili, hewa itafika saa tano na dakika ishirini. Anisa mwenyewe alikuwa ameondoka alfajiri na ambulensi, anampeleka mama mjamzito Isiolo, na mtungi wa zahanati umekwenda naye. Hewa ya karibu ilikuwa Maua, juu milimani. Akolong akachukua pikapu ya Mzee Waqo. "Saa tano haijafika mtaniona," akasema, akaondoka hata chai hajanywa.

Watu wakaanza kuja, na hapo ndipo Mama alipoanza kuogopa. Mgonjwa anatembelewa, nani atakataa? Wakisikia stima imepotea na mzee anategemea stima, hawawezi kukaa kwao. Lakini kila anayeingia anasalimu, na wewe, Baba, hukuwahi kuiacha salamu ya mtu chini hata siku moja. Mzee Waqo alifika wa kwanza.

"Salaam aleikum, Lodio. Nagaa?"

"Nagaa," ukajibu. Pumzi moja.

"Usiku nagaa? Watoto nagaa? Vitunguu nagaa?"

Ukajibu zote, moja moja, amani, amani, amani, na kifua kikipanda na kushuka chini ya blanketi. Mama akasema, "Mzee Waqo, mwache apumue kidogo."

"Salamu imekuwa mzigo, Mama Joy? Nisipomsalimu atadhani nimekuja kumzika."

Wakaja majirani wa msikitini. Wakaja akina mama wa kanisa, wakataka kuimba, na Mama alijua wakianza tu utaingia na ile sauti yako nzito ya chini, ufe katikati ya ubeti wa pili. Akaja Mwalimu Kaburu, naye siku hizi wa Kinna, na fimbo yake. Ilipofika saa tatu na nusu walikuwa kumi na saba chumbani, kila mmoja na habari yake ya asubuhi, na kila habari inataka jibu. Midomo yako ikaanza kubadilika rangi. Mama akatazama mlango. Kuwafukuza hawezi, watu wa Kinna wangelizungumza jambo hilo mpaka wajukuu. Kuwaacha hawezi pia.

Akachukua kikombe cha bati na kijiko.

Ting.

Mzee Waqo ndiye aliyeelewa kwanza. Akainama akavua makubazi yake. Mwalimu Kaburu akavua viatu vyake vya kamba, ilimchukua muda, hakuna aliyemsaidia. Wale wa rika lenu wakateremka wakaketi sakafuni bila kuambiwa. Vijana na akina mama wa kanisa hawakuelewa kitu, lakini ukiona wazee wanavua viatu na wewe unavua.

"Manowari iko juu yetu," Mama akasema, kwa sauti ya chini. "Inasikiliza. Nahodha amesema hakuna kuongea, hakuna kukohoa, hakuna kusalimiana. Hewa ni kidogo."

"Nahodha ni nani?" mama mmoja wa kanisa akanong'ona. Mzee Waqo akamwonyesha kitanda kwa kidevu.

Mama hakuwa amesimulia hadithi maisha yake yote. Kwetu hadithi zilikuwa zako; kazi yake ilikuwa kukuambia ugali unapoa. Lakini asubuhi hiyo alikaa pembeni ya kitanda na akaanza, polepole, akijua kwamba akinyamaza watu wataanza tena kuuliza hali yako. Akawapa nahodha na mke wake mkali. Akawapa mpishi. Akaeleza bomba lilivyopasuka chumba cha injini, maji yanaingia kama kwenye shamba la vitunguu mfereji ukivunjika ukingo, na fundi yuko ndani na kamba na matambara, na mwenzake amesimama mlangoni akishika gurudumu la kuufunga. Akichelewa kuufunga, wote watakufa maji. Wewe ulimwangalia Mama kana kwamba hujawahi kumwona. Alipofika mahali pa fundi kutoka kwa dirisha la nyuma, Mwalimu Kaburu, baada ya miaka arobaini na zaidi, akashindwa.

"Nyambizi haina dirisha la nyuma, Mama Joy," akanong'ona.

"Ya Lodio inalo," akasema Mzee Waqo.

Mabega ya watu wazima kumi na saba yakatikisika, kila mmoja amejifunika mdomo. Na wewe ukacheka. Cheko likageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kwisha, na rangi ikakutoka usoni yote. Mwalimu Kaburu alijiziba mdomo kwa kofia yake, machozi yanamtoka. Mama alikuinua, akakugonga mgongo, akakulaza tena. Kuanzia hapo hakuna aliyecheka.

Saa nne na nusu simu ya Joy ikatetemeka. Akatoka nje, akarudi, akainama sikioni kwa Mama. "Akolong amepata mtungi. Lakini lori limelala katikati ya barabara kwenye mteremko, magari hayapiti. Anauvusha kwa mikono atafute pikipiki upande wa pili. Anasema labda saa sita."

Mama akatazama mshale. Dakika hamsini zilibaki, na Akolong alihitaji saa moja na nusu. Akatazama mlango, akatazama Joy, akatazama kila kitu isipokuwa wewe.

Hukusikia waliyosema. Lakini ulikuwa umeishi na uso wa Mama tangu enzi za mtungi wa maji. Ukatoa mkono chini ya blanketi, ukainua kidole kimoja.

Joy alidhani unaonyesha mbinguni. Akasema "Amina", na akina mama wa kanisa wakaitikia kwa minong'ono. Mzee Waqo akafungua viganja akaomba kwa njia yake. Ni Mama peke yake aliyejua unachosema. Ulikuwa unasema moja. Gololi ishuke kutoka mbili hadi moja.

Akatikisa kichwa. Kidole hakikushuka. Akatikisa tena, na macho yake yakakuambia maneno ya Anisa, usipandishe, usishushe. Wewe ukabaki na kidole chako hewani, na kuushikilia mkono huo tu kulikuwa kunakula hewa. Basi Mama akahamia upande wa mtungi, akawapa watu mgongo, akajifanya anakunyoosha mto. Akazungusha koki. Gololi ikateremka ikakaa kwenye moja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Baba, na sisi hatukujua. Joy alikuwa hatua mbili kutoka hapo.

Mama anasema hajawahi kuona saa ndefu kama ile. Alikuwa amekukata nusu ya hewa kwa mkono wake na sasa ilibidi akae akutazame. Kucha zako zikawa za bluu. Ulivuta kwa shingo, kwa mabega, kwa mdomo wazi. Alijaribu kuendelea na hadithi, akarudi kwa fundi na mwenzake wa mlangoni, safari hii bila dirisha lolote, na alipofika pale fundi anapogonga kutoka ndani sauti yake ikakatika. Hakuimaliza. Hakuna aliyemwomba aimalize. Alibaki na kijiko na kikombe, na kila mtu alipoanza kusogea au kukohoa aligonga ting, wakatulia. Mara tatu mkono wake ulikwenda kwenye koki kuirudisha mbili. Mara tatu ukainua kidole.

Saa tano na dakika ishirini ikafika, ikapita. Mama aliiona ikipita kwenye saa ya ukutani, na alijua kwamba kila dakika baada ya hiyo ni ya ule mzunguko wa koki. Lakini alijua pia unavyoumia, na vitu hivyo viwili havikupatana ndani yake. Alikuwa anaogopa kwamba utakufa ukimtazama, na kwamba ni yeye atakayekuwa amekuua. Anasema liandikwe hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Saa sita kamili tukasikia pikipiki. Akolong alikuwa amepakata mtungi kama mtoto, vumbi mpaka kwenye kope. Mama akairudisha gololi kwenye mbili kabla hajafika mlangoni. Akolong akafungua wa zamani, akafunga mpya, na baada ya muda rangi ikaanza kurudi midomoni mwako. Watu wote wakaongea kwa pamoja. Wakataka kukusalimu upya, wote kumi na saba, na hapo ndipo Mama alipowatoa nje kila mmoja na viatu vyake mkononi. Hakuna aliyeona vibaya.

Ulitupa wiki tisa baada ya siku hiyo. Uliitengeneza redio ya Mwalimu Kaburu ukiwa kitandani, ukamwambia ni malipo ya miaka yote aliyoficha uongo wako. Ulisimamia vitunguu vikichaguliwa, kwa dirisha, ukibishana na Mzee Waqo kuhusu ukubwa. Habari ya kidole hukuigusa, na Mama hakuigusa.

Siku ya kuamkia kifo chako Anisa alikupima, kisha akamwita Mama nje. Stima ilikuwepo. Mashine ilikuwa inafanya kazi, na mitungi miwili imesimama kwenye kona imejaa. "Hewa si shida tena, Mama," Anisa akamwambia. "Ni mapafu yenyewe." Mama akafuta uso, akaingia, akakuambia Anisa amesema unaendelea vizuri. Ukamwacha amalize.

"Mama Joy," ukasema. "Ile hadithi hukuimaliza."

"Ipi?"

"Ya mlango."

"Si alitoka kwa dirisha la nyuma."

"Hapana. Nipe vile ilivyokuwa."

Mama akakaa. Akakupa vile Joy alivyoiona kwenye kanda. Kwamba yule wa mlangoni aliusukuma, akazungusha gurudumu, fundi yuko ndani. Kwamba fundi aligonga, akagonga, kisha akaacha. Kwamba nyambizi ilipanda, wakafungua kifuniko cha juu, na wale wengine wote wakapumua. Ndiyo mara ya kwanza mtu kufa kwenye hadithi hiyo ndani ya nyumba yetu na wewe ukiwepo.

Ukasema, na Mama anayakumbuka maneno yote, "Miaka yote nilimtafsiria fundi. Yule wa mlangoni sikumtafsiria hata neno moja. Na yeye ndiye aliyekuwa na kazi ngumu." Ukapumua mara kadhaa. "Alifanya vizuri. Aambiwe."

"Nani aambiwe?" Mama akauliza. Ulikuwa umefumba macho. Alidhani ni maneno ya mgonjwa, akakufunika. Kesho yake, saa nane mchana, ukafa, mashine inanguruma na mitungi yote imejaa, na Mama ameshika mguu wako.

Mwaka huu wote, Baba, amekuwa akifikiri kwamba ungeishi zaidi. Kwamba ile saa moja na nusu ndiyo iliyokumaliza, na siku ulizokosa baada ya zile wiki tisa ni deni lake kwako. Sisi hatukujua kitu. Tuliona tu kwamba hagusi koki ya gesi jikoni. Alimwita Joy, alimwita mtoto wa jirani, alingoja mtu apite. Joy alimtania kwamba amekuwa mke wa waziri, siku hizi anawashiwa.

Wiki iliyopita Akolong alimkuta amesimama mbele ya meko na kiberiti mkononi, nyumba haina mtu mwingine. "Mama, si ufungue tu," akamwambia. Mama akaketi kwenye kigoda, akamweleza yote tuliyoandika hapa. Tulipokusanyika jioni akarudia, akitazama sakafu, akingoja tumseme.

Akolong akasema, "Siku ile nilipofungua ule mtungi wa zamani, ulitoa sauti. Hewa ilikuwa bado imo. Nilishangaa. Nilikuwa nimekuja njia nzima nikijua ulikwisha dakika arobaini kabla, nikawa nimejiandaa kukuta maiti. Nikadhani Anisa alikosea hesabu." Joy akachukua kalamu, akaandika saa zote nyuma ya kalenda, akazungusha duara mahali hewa ilipofika. Ilikuwa imebaki ya dakika kumi. Akampelekea Mama kalenda, ingawa Mama hasomi mambo hayo.

"Bila wewe ningemzika wiki hiyo hiyo," Akolong akasema. "Tungezikosa zote tisa."

Mama aliishika ile kalenda chini juu. Akawa kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali. "Kumbe alikuwa ananiambia mimi," akasema. "Siku ile, kuhusu yule wa mlangoni. Mimi nikamfunika blanketi." Akalia, na hatukumnyamazisha.

Jana asubuhi aliamka kabla yetu, akafungua gesi kwa mkono wake, tukaamshwa na harufu ya chai.

Ulisema aambiwe, Baba. Imechukua mwaka. Ameambiwa.

Wanaokukumbuka ni mkeo Nakuam, watoto wako Joy na Akolong, wajukuu zako Emuria na Lochoro, rafiki zako wa dirishani Mzee Waqo na Mwalimu Kaburu, Anisa, na wale kumi na saba waliovua viatu. Siku zote za maisha yetu utakuwa kwenye mazungumzo yetu.